Uliza Mama Studio: Laki tano, lenzi moja, na mlima uliogeuka kichuguu

Mwezi huu barua zimejaa lenzi. Watu wamechoka kupiga harusi na ubarikio, wanataka kutoka nje: mlima, mbuga, maporomoko, ndege. Na wote hela ni ya mawazo. Nimechukua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu anachotaka kukifanya huyu kijana nilishakifanya mimi, na hela yangu haikurudi.

Shikamoo Mama Studio. Nina Canon 700D na lenzi iliyokuja nayo, 18-55. Nimejichanga mpaka nimefikisha laki tano. Nataka kupiga mandhari, hasa Mlima Kilimanjaro. Rafiki zangu wote wanasema lenzi ya mandhari ni ile pana, 10-18. Kuna mtu anaiuza, imetumika kidogo. Nichukue?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Marahaba mwanangu. Kama ni kwa ajili ya mlima, usichukue.

Lenzi yenyewe haina ubaya. Namba zake ni milimita: ndogo inaona pana, kubwa inavuta vya mbali karibu. Canon waliitoa mwaka 2014 kwa dola 299, ina gramu 240 tu, na hata mimi niliinunua. Wakati huo nilikuwa nimechoshwa na picha za pasipoti, kutwa nawaambia watu wasitabasamu. Asubuhi ya kwanza nilipanda kwenye ghorofa ya dada yangu kule Pasua, saa kumi na mbili na robo. Mlima ulikuwa wazi wote, kuanzia msitu hadi barafu. Nikapiga picha zaidi ya mia. Jioni nikamwita mama mkwe aje aone kwenye kompyuta. Akavaa miwani, akasogeza kiti, akatazama wee, kisha akauliza: "Na mlima wenyewe uko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Hicho kichuguu?"

Nikakaa chini na karatasi na kalamu, na nakuomba nawe ukae. Kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Kibo, ukivuta kamba iliyonyooka, ni kama kilomita 30. Kilele kiko mita 5,895 juu ya bahari, na mji wetu uko chini kidogo ya mita 1,000, kwa hiyo kinachobaki mbele ya macho yako ni mlima wa kwenda juu kilomita tano hivi. Tano kwa thelathini ni moja ya sita. Basi chukua namba iliyoandikwa kwenye lenzi yako, igawanye kwa sita: hapo umepata mlima utasimama milimita ngapi juu ya sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha. Sensa ya 700D ina kimo cha milimita 15 kasoro kidogo.

Lenzi ikiwa kwenye 10, mlima unapata milimita moja na nusu na ushee. Yaani sehemu moja ya kumi ya picha. Tisa zilizobaki ni mbingu, mabati na nyaya za umeme. Kwenye 18 unapata milimita tatu. Kwenye 55, milimita tisa, zaidi ya nusu ya picha. Ukifika 90 umejaza fremu kutoka chini hadi juu. Na hapo nimehesabu mlima mzima kuanzia usawa wa mji. Ile Kibo nyeupe ambayo watu huiweka ukutani ni kipande cha juu tu, kwa hiyo inadai zaidi.

Huyo rafiki anayekwambia mandhari ni lenzi pana amejifunza kwa watu wanaopiga mabonde wakiwa ndani yake. Sisi mlima wetu tunautazama kutoka mbali, hatumo ndani yake.

Kwa hiyo laki tano zako zitafute EF-S 55-250. Zipo za aina tatu: ya zamani imeandikwa IS, ikafuata IS II, na ya mwisho ya mwaka 2013 imeandikwa IS STM. Tafuta ya STM. Fokasi yake ni ya haraka na haina kelele, na picha zake ni kali kuliko za dada zake wakubwa. Ina gramu 375, haifiki hata nusu kilo ya sukari. Yangu niliipata iliyotumika kwa shilingi 320,000 baada ya kubishana mpaka chai ikapoa. Ukibahatika hivyo, chenji inunue stendi ya miguu mitatu. Hata ya bei ya chini inafaa, mradi uning'inize begi lenye mawe katikati upepo usiitikise, na utumie kile kisaa cha sekunde mbili badala ya kubonyeza kwa kidole.

Kati ya 70 na 135 utapata Kibo na ukanda wa msitu wake. Ukivuta hadi 250 unaweza kuitenga Mawenzi peke yake, ile yenye meno upande wa kulia, ambayo wageni hawaitazami na mimi naipenda kuliko Kibo. Lakini lenzi ndefu inavuta na hewa yote iliyo katikati, kilomita 30 za vumbi na unyevu. Toka mapema. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi mlima ni wako; jua likishaanza kuupasha msitu, mawingu yanapanda na basi. Januari na Februari ni miezi mizuri, na asubuhi inayofuata mvua kubwa ni bora kuliko zote maana vumbi limeshalala.

Usiitupe 18-55 yako, nusu ya kazi ataifanya huyo. Iweke kwenye 18, tundu la kupitisha mwanga f/8 (namba ikikua tundu linabana), ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga, 100, kamera juu ya stendi, ufokasi kitu kilicho mita mbili na robo hivi mbele yako. Kila kitu kuanzia mita moja hadi kwenye mlima kitakuwa kikali. Ndiyo namna ya kupata ua la kahawa mbele na migomba katikati. Usibane tundu hadi f/22 ukidhani unaongeza ukali. Ukishapita f/11 kwenye sensa hizi ndogo, picha inaanza kulainika.

Na siku ukienda Materuni, ukasimama chini ya maporomoko ukakuta hayaingii kwenye 18, geuza kamera iwe wima, piga picha tano ukizungusha taratibu, kila moja ikipandiana na jirani yake kwa theluthi moja, ukaziunganishe nyumbani kwa programu ya kompyuta. Umepata lenzi pana bila kutoa senti. Mimi ile 10-18 siku hizi napigia vyumba vya nyumba za wageni, na vinaonekana vikubwa kuliko vilivyo. Mwenye nyumba anafurahi, mgeni atajijua.

Mama, mimi ni dereva mwongoza watalii, naishi Sakina, Arusha. Wageni ninaowaendesha wana lenzi kama mabomba ya maji. Na mimi nina Nikon D5300 na nataka kuanza kupiga wanyama na kuuza picha. Kuna mtu ana 150-600 iliyotumika, anataka milioni mbili. Kikoba chetu kinaweza kunikopesha. Nikope?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Kaka, hela ya kikoba iache. Nitakwambia kwa nini, halafu nitakwambia kitu ulicho nacho ambacho wageni wako hawana.

Simba ana kimo cha mita moja hivi begani. Wewe mwenyewe unajua Tarangire au Ngorongoro simba analala mita ngapi kutoka kwenye gari. Mara nyingine unapandisha vioo. Mweke mita 20. Lenzi ya 300 kwenye D5300 yako itampa milimita 15 juu ya sensa yenye kimo cha 15 na nusu. Amejaa. Kwa tembo utalazimika kurudi nyuma. Ukiwa na 600 utampiga simba pua.

Pale 600 inapostahili hela yake ni kwa ndege. Ndege wa sentimita 35 akiwa mita 15, lenzi ya 300 inampa milimita saba, chini ya nusu ya picha; 600 inamjaza. Kama ndoto yako ni ndege, siku moja utaihitaji. Lakini pia ni karibu kilo mbili, na nani ataishika huku wewe umeshika usukani?

Tafuta Nikkor AF-P DX 70-300 yenye herufi VR. Soma herufi hizo kwa macho yako, kwa sababu Nikon walitengeneza mbili zinazofanana kama mapacha, moja ina VR ya kutuliza mtikisiko na nyingine haina, na wauzaji wengine huwa "wanasahau" kutaja. Kabla ya kuitumia, D5300 yako iongezewe programu mpya ya ndani kutoka kwa Nikon. Ni bure, inawekwa kwa kadi ya kumbukumbu.

Sasa huo utajiri wako. Mgeni amelipa aje siku nne. Wewe upo mwaka mzima. Unajua mti gani chui anapenda, unajua tembo wanavuka mto saa ngapi, na funguo ya injini iko mkononi mwako. Zima injini. Gari la dizeli likinguruma linaitikisa lenzi kiasi ambacho VR yoyote itanyoosha mikono. Kisha chukua suruali ya jinzi iliyochakaa, kata mguu mmoja, mpelekee fundi cherehani ashone chini, jaza kilo mbili za maharage, ashone juu. Uweke mfuko huo kwenye kioo cha dirisha kilichoshuka nusu na lenzi ilale juu yake. Wazungu wananunua mifuko hiyo kwa dola. Wako unaweza ukaupika njaa ikizidi. Shata, yaani muda ambao mwanga unaingia, isiwe ya polepole kuliko 1/500 ya sekunde ukiwa kwenye 300, na ISO ipandishe hadi 800 bila woga. Picha yenye chembechembe inauzika, iliyotikisika haiuziki.

Kuanzia saa nne asubuhi weka kamera chini. Ardhi ikishapata moto, hewa juu ya nyika inacheza kama juu ya jiko la mkaa, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kuinyoosha. Nimeona mzee mmoja na lenzi ya thamani ya Noah akilalamika kwamba imeharibika, kumbe ni saa saba mchana na swala wako mita 200.

Vumbi: usibadilishe lenzi gari likitembea. Ukilazimika, zima kamera, mdomo wake uangalie chini, fanya haraka. Vumbi lipulize kwa pampu ndogo ya mpira. Usipulize kwa kinywa, mate hayatoki kirahisi.

Na mgeni asikukute umeshika kamera wakati yeye bado anamtafuta duma. Bakshishi itapotea na lenzi hutainunua.

Nimenunua 70-300 AF-P, nimeifunga kwenye Nikon D3100 yangu, haifokasi kabisa, hata nikizungusha kwa mkono. Muuzaji anasema nimeiharibu mimi. Nifanyeje?
*Msomaji, Tengeru*

Hujaharibu kitu, dada. Lenzi za AF-P haziendani na D3100. Wala na D3000, D5000, D5100, D90 na D7000. Hata ile ringi ya mkono inapitia umeme wa kamera, ndiyo maana unaizungusha bure. Mtafute mwenye D3400 au D5600 mbadilishane. Kwake itafanya kazi siku hiyo hiyo.

Wewe tafuta yenye maandishi AF-S, kama 55-200 VR au 55-300 VR. Ukikuta AF bila ile S, kamera yako haina mota ya kuiendesha, utafokasi kwa mkono. Kwa mandhari hilo linavumilika, ila kwa nyani aliyekwishaiba ndizi hutamwahi. Na siku nyingine nenda kununua ukiwa na kamera yako shingoni.

Je, ni lazima filta ya UV?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Hapana. Kofia ya lenzi, ile pete ndefu inayofungwa mbele kuzuia jua, inalinda vizuri zaidi na haiongezi kioo cha bei rahisi mbele ya kioo cha bei ghali. Hela hiyo nunua polaraiza: ukiwa Ziwa Duluti inafuta mng'ao juu ya maji na kwenye majani, na anga linakoza ukisimama jua likiwa ubavuni kwako. Inameza mwanga, kwa hiyo kumbuka stendi. Mwenye Canon 18-55 STM na 55-250 STM anunue moja tu ya milimita 58, zinachangia.

Shikamoo Mama. Marehemu baba alisoma Dresden miaka ya sabini, akarudi na kamera ya Praktica na lenzi imeandikwa Pentacon 1.8/50. Imekaa kabatini Machame ndani ya mkoba wake wa ngozi tangu nikiwa mdogo. Kamera haifanyi kazi tena. Mimi natumia Canon 1200D. Lenzi hii inaweza kufaa kitu, au ni kumbukumbu tu?
*Msomaji, Machame*

Marahaba, na pole ya baba hata kama ni ya siku nyingi.

Kwanza igeuze uangalie nyuma. Kama inaingia kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa, ni ile ya nati ya milimita 42, na una bahati kwamba unatumia Canon. Lenzi hizo zilitengenezwa zikae milimita 45 na nusu hivi kutoka kwenye filamu. Canon yako ina nafasi ya milimita 44, kwa hiyo ringi nyembamba ya chuma inaziba tofauti ile na lenzi inaona mbali hadi mwisho. Mwenye Nikon ana milimita 46.5, ameshapitiliza, kwake itafokasi vya karibu tu, mlima utabaki ukungu, labda atumie ringi yenye kioo ndani, na vioo hivyo huwa vinaharibu picha. Kama nyuma ina meno ya kufunga kwa robo mzunguko badala ya nyuzi, hiyo ni Praktica ya baadaye, na jibu langu halikuhusu.

Kabla ya ringi, tochi. Mkoba wa ngozi ndani ya kabati la Machame, pamoja na ule ukungu wenu wa masika, ni shamba la kuvu. Usiku, zima taa, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, uchungulie mbele huku ukiinamisha. Kuvu wanaonekana kama utando wa buibui au mizizi midogo kwenye kingo za kioo. Mimi niliwahi kununua lenzi kwa mtu jioni chini ya balbu ya kibanda, nikaisifia kwamba kioo kinang'aa. Nyumbani tochi ikanionyesha bustani nzima. Muuzaji simu yake haikupatikana tena mpaka leo. Tangu hapo sinunui lenzi bila tochi, na pia naigeuza niangalie yale majani ya chuma ya tundu: yakiwa na mafuta yanayong'aa, yatakwama. Mkwaruzo mdogo kioo cha mbele hauniumizi kichwa, wa kioo cha nyuma unaonekana kwenye picha.

Ukikuta kuvu kidogo pembeni, itumie hivyo hivyo. Ukikuta imefunika katikati, mpe fundi anayezijua, usifungue mwenyewe kwa bisibisi ya saa. Vyovyote iwavyo mkoba wa ngozi uupumzishe. Lenzi ikae kwenye kopo la plastiki linalofungwa vizuri pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Watu wanatumia mchele. Mchele unaacha vumbi lake.

Ikishafungwa kwenye kamera, gurudumu la kamera liweke kwenye M au Av. Kioo cha taarifa kitaandika 00, usishtuke, kamera haijui lenzi gani imevaa. Tundu unalizungusha wewe kwenye lenzi yenyewe. Ukiona tundu halibani hata ukizungusha, tafuta swichi ndogo ya A na M pembeni, iweke M. Kama haipo, unahitaji ringi yenye ukingo wa kusukuma ile pini ya nyuma. Fokasi kwa mkono ukitumia kioo cha nyuma cha kamera, ukuze mara kumi, uangalie ncha ya jani. Anzia f/8 alfajiri. Hapo Machame mko karibu na mlima kuliko sisi wa mjini, na hamsini kwenye sensa yako inaona kama themanini ya filamu, kwa hiyo Kibo haitakuwa kichuguu.

Ringi ninayo moja, ya Canon, haina ukingo wa pini. Nitaiacha mapokezi hapa kwenye jarida ndani ya bahasha. Jaribu nayo kabla ya kutumia hela, kisha uirudishe, maana nilishaazima ya kwanza nikasahau nilimpa nani.